Vidole vya Mjomba

Mimi matangani siendi. Si kwamba sina huruma. Nikiingia tu, nikivua viatu na kuinamisha kichwa, kuna mtu upande wa mlango hukohoa ili kuficha kicheko. Siku moja, Kibokoni, shemeji wa marehemu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, nami nikamwambia Mungu awape subira. Akanitazama vizuri, uso ukamvunjika, akacheka. Akaomba radhi, akacheka tena. Tangu siku hiyo mke wangu huenda kwa niaba yangu, nami hubaki nyumbani nikiwaombea marehemu mahali ambapo hakuna wa kunitazama.

Kazi yangu ni kuchekesha watu. Nikitaka kujipa heshima hujiita mwigizaji wa tashtiti, na mke wangu akitaka kuniondolea heshima hiyo huniita mtu wa vituko. Nilianza chuoni, nilikokuwa nikisomea Kurani, kwa kuiga mwendo wa mwalimu huku mwalimu mwenyewe yu nyuma yangu. Nilichapwa, na hata nilipokuwa nikichapwa nilisikia wenzangu wanacheka, nikaona bei si mbaya. Baadaye shuleni, baadaye tena na kikundi cha watu saba katika ukumbi wa kukodi pale Makadara, wenye viti vya plastiki na feni moja inayopiga kelele kuliko sisi. Huko ndiko nilikofundishwa kazi. Kosa la kwanza nililokatazwa lilikuwa kuwapa watu mgongo. Aliyetufundisha, bwana mkali aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alikuwa akitupiga kwa gazeti lililokunjwa kila tulipogeuka. Alisema watu wametoka makwao kuja kutazama nyuso, na mgongo kila mtu anao wake.

Mwenzangu wa jukwaani ni mtu wa bara, Mkristo, mfanyakazi wa bandarini mpaka leo. Yeye hachekeshi hata kidogo, na ndiyo maana tumedumu. Husimama na bahasha yake ya kaki mkononi, shati limetota jasho mgongoni, na ukumbi mzima humhurumia kama ndugu yao. Mimi nilikuwa karani aliye nyuma ya kaunta. Mchezo wetu ulikuwa huo tu: raia amekuja na karatasi za kiwanja cha marehemu babake, na karani hamkatalii. Hakuwahi kumkatalia. Humwambia tu kwa upole kwamba imepungua karatasi moja. Raia akiileta hiyo, imepungua nyingine. Kila mtu aliyekaa katika viti vile alikuwa amesimama mbele ya kaunta kama ile, na wengi walikuwa wamesimama asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Sasa, karani humtoi hewani. Kila mtu unayemwigiza humchukua kwa mafungu: mwendo kwa huyu, sauti kwa yule. Sauti ya karani wangu niliitoa kwa mnadi mmoja wa Marikiti. Tumbo nililitoa kwa jirani yetu, naye alijua, akajivunia. Mkono niliutoa kwa mjomba wangu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mamangu. Baba alipokufa nilikuwa bado na meno ya utotoni, na mjomba ndiye aliyekuja kila Ijumaa baada ya sala na mfuko wa matunda, akakaa barazani, akauliza ninasoma nini. Alikuwa karani maisha yake yote, katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, akivuka kutoka Likoni asubuhi na kurudi alasiri. Shati jeupe, mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Na alikuwa na tabia yake moja. Kabla ya kushika kitu chochote, kalamu, karatasi, kikombe, alikuwa akiutikisa mkono wa kulia mara mbili ili shati lirudi nyuma, akavitazama vidole vyake, akavipuliza polepole, ndipo akachukua. Hata kwangu alikuwa akivipuliza kabla ya kunishika mkono tukivuka barabara. Niliuona huo kuwa ndio mkono mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, na nilikuwa nikiufanyia mazoezi peke yangu chooni.

Siku niliyoujaribu mkono ule katika mazoezi, mwenzangu alisahau maneno yake. Raia wa watu akacheka pale pale kwenye kaunta, bahasha ikamwanguka. Hakuwahi kucheka kabla ya hapo. Mimi nikajua nimepata kitu.

Nilikuwa nimepata kweli. Watu walianza kurudi ukumbini kwa ajili ya vidole. Karani anaambiwa na raia kwamba mamake ni mgonjwa, karani anautikisa mkono, anavitazama vidole, anavipuliza, watu wanashika mbavu kwa sababu wanajua kitakachofuata: imepungua karatasi moja. Halafu runinga wakatuita, kipindi cha dakika chache kila wiki, na baada ya runinga zikaja filamu. Katika filamu ya kwanza nilikuwa polisi, ya pili mwenye nyumba za kupangisha, ya tatu daktari wa uongo, na kila mwelekezi aliyetoka Nairobi aliniambia jambo moja, kwamba nifanye kile cha vidole. Simu nazo zikamaliza kazi. Nilitembea Mama Ngina jioni moja na mke wangu, tukitafuta mihogo ya kukaanga, na muuzaji alipotaka kunipa pakiti yangu aliutikisa mkono mara mbili, akavipuliza vidole, akaniambia imepungua pilipili moja. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mke wangu hakucheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikamwachia chenji.

Feri, kwenye kivuko cha Likoni, ndiko kulikozidi. Wauza maji, wauza karanga, makuli wa mikokoteni, wote waliviiga vile vidole. Mtu akichelewa kupanda, anapulizwa vidole. Askari akimsimamisha mtu, anapulizwa kutoka upande wa pili ambako haoni ni nani. Nilikuwa nikienda Feri bila shughuli yoyote, Mungu anisamehe, nikasimama tu pale penye teremko kuitazama kazi yangu.

Je, sikumfikiria mjomba? Nilimfikiria. Sitajifanya mjinga hapa, maana nimejifanya mjinga kwa mshahara miaka mingi na naujua ujinga wa kweli ulivyo. Nilijiambia hakuna atakayetambua mkono ule ni wa nani. Lakini Mji wa Kale ni vyumba vya nyumba moja, na kila mtu anamjua mjomba wa kila mtu. Alianza kukosa Ijumaa moja moja, akasema ni miguu. Kisha akakosa zote. Sikukuu ya Idi salamu zake zilikuwa zikiletwa na mama, na matunda pia yalikuwa yakija na mama. Mimi nikaikubali habari ya miguu haraka sana, jinsi mtu anavyoikubali habari inayomfaa. Nilikuwa na vipindi, nilikuwa na filamu. Miaka ikapita hivyo, mjomba akastaafu, na sikwenda kumpongeza.

Kisha mwanangu mkubwa akataka kuoa.

Mwanangu hakunirithi. Ni kijana mkimya, anafanya kazi kwenye vyumba vya baridi vya samaki pale Liwatoni, na hata akiwa nyumbani husema kana kwamba maneno yatayeyuka. Alimpenda binti wa fundi wa mashine za boti anayefanya kazi hapo hapo. Alimwambia mamake, mamake akaniambia, nami nikaona fahari imenijaa kifuani. Nikasema posa nitaipeleka mimi mwenyewe. Mke wangu akanikumbusha kwamba baba wa mvulana hukaa kimya na msemaji huwa mtu mwingine. Nikamwambia katika mji huu hakuna ulimi kama wangu.

Basi nikavaa kanzu, nikachukua majirani wawili na, kwa ujinga uliopitiliza, nikamchukua na mwenzangu wa jukwaani, maana ni rafiki na alikuwa na suti. Tulipoingia tu karani na raia kwa pamoja, niliona vijana wa nyumba ile wanabinyana. Lakini nilianza vizuri. Nilitoa salamu zote, nikataja koo, sauti yangu nikaishusha. Fundi alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaleta kikombe.

Kwa watu wa mtaa ule, mwenye nyumba humpa msemaji kikombe cha kahawa mbele ya wote, na msemaji hukipokea mwenyewe kwa mkono wa kulia, akanywa. Akishakunywa, neno limeingia ndani na litajibiwa. Asipokunywa, neno limebaki mlangoni, na waliokuja nalo waondoke nalo. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Fundi akanyoosha kikombe, nami nikanyoosha mkono, na mkono ukafanya kazi yake. Ulijitikisa mara mbili. Niliviona vidole vyangu vinapanda mbele ya uso wangu na nikajisikia nikivipuliza.

Nyumba ilipasuka. Nyuma ya pazia walikokaa wanawake ndiko kulikosikika vicheko vya juu kabisa. Mwenzangu aliinamia magoti yake, mabega yanamtetemeka. Kahawa ilimwagika kwenye mkeka. Ambaye hakucheka ni bibi yake binti, mamake fundi, aliyetoka nyuma ya pazia na kusimama pale na fimbo yake.

"Mwaja kuposa ama mwaja kucheza?" akaniuliza. "Mjukuu wangu si mchezo."

Niliomba radhi, na kadiri nilivyozidi kuomba ndivyo vijana walivyozidi kuziba midomo. Fundi hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia kwa adabu, "Bwana, wewe twakupenda. Lakini rudini na mtu mzima wa kusema neno. Na musikawie, kuna wengine wamebisha mlango huu."

Mwanangu alikuwa amekaa karibu na viatu, kama inavyompasa mposaji kijana. Hakuinua uso. Tulirudi nyumbani kwa miguu na hakuniambia neno, wala siku ya pili, na siku ya tatu nilimwona anafua shati la posa yeye mwenyewe, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Nilitamani kama angenitukana.

Ndugu zake baba wamekufa wote. Upande wetu mtu mzima wa kusema neno alikuwa mmoja. Nilimwendea mama jikoni kwake, akiwa anakanda unga wa mahamri, nikamwomba amwombe kaka yake. Hakuacha kukanda.

"Kuigiza watu wajua," akasema. "Kuwaendea hujui. Enda mwenyewe."

Nikaenda. Nilishuka teremko la Feri asubuhi, na wale wauza maji waliponiona walifanya yale yao, mmoja baada ya mwingine, kulia na kushoto, vidole vinapulizwa mpaka chini kwenye mlango wa feri. Nimewahi kuisikia hiyo kama makofi. Asubuhi ile nilikuwa napita njia ya mjomba, kwa saa aliyokuwa akipita, nikahesabu kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu alipitishwa katika haya kila siku ya kazi mpaka alipostaafu, kwenda na kurudi. Mimi nao hunipuliza kwa sababu wananipenda. Yeye walimpuliza kwa sababu walimtambua.

Nilimkuta barazani kwake, kanzu nyeupe, amekaa wima. Niliinama nikamwamkia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mamako hajambo? Watoto?"

Akaniuliza habari zote kwa utaratibu wake ule ule wa zamani, ila mikono yake miwili aliikalia. Nilidhani ni baridi ya uzee, kisha nikakumbuka kwamba Likoni hakuna baridi. Mke wake alileta kahawa na halua, akaviweka kati yetu. Mimi nilikunywa. Yeye hakugusa. Nilidhani hataki kunywa na mimi, na nikaona ni haki yake.

Nilimweleza habari ya mwanangu, habari ya posa, kicheko, bibi na fimbo yake. Sikumweleza ni nini hasa kilichowachekesha. Hakuuliza.

"Siku gani?" akasema.

"Alhamisi, baada ya alasiri, mjomba. Ukiridhia."

"Ntakuja."

Nilivuka nikirudi kisiwani na moyo mwepesi, nikijiambia kumbe mambo yamekwisha, mtu mzima hana kinyongo. Nikapitia kwa mama kumpa habari njema. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kahawa alikunywa?"

"La."

Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akajifuta unga mikononi. "Kakangu hashiki kitu mbele ya watu, mwaka wa ngapi huu sijui. Harusini hali. Msikitini husubiri watu watoke ndipo atwae viatu vyake. Hata kwangu hapa, akija, hungoja nimpe mgongo ndipo anywe maji."

Nilimwambia sikujua.

"Na kile cha vidole, wajua ni cha nini?" mama akasema. "Wajua alianza kazi na wino na zile karatasi nyeusi za kunakili? Vidole vilikuwa vyeusi siku nzima. Alipokuwa mgeni kazini alishika cheti cha mtu, akakitia doa. Mwenye cheti alikuwa mwanamke mjane, alilia, akidhani nyumba imeharibika. Kakangu hakulala. Tangu siku hiyo hagusi karatasi ya mtu mpaka avitazame vidole na avipulize vikauke. Kisha wino ukatoka ofisini, lakini tabia haikutoka."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Miaka yote ile nilikuwa nimemvalisha mla rushwa mkono wa mtu safi. Nilimtafutia karani mwovu ishara ya kiburi, nikaiokota kwa karani pekee niliyemjua ambaye hakuwahi kumwambia mtu imepungua karatasi. Watu walikuwa wamewacheka makarani walionyanyasa nyumba zao, na ni haki yao kucheka, mchezo ule siujutii. Najutia mkono. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Kisha nikakumbuka kikombe.

"Mama," nikasema, "msemaji lazima apokee kikombe."

"Najua."

"Basi nimwambie asije. Nitafute mwingine, hata imamu..."

"Umwambie nini? Kwamba hafai?" Akainuka, akarudi kwenye unga wake. "Amesema yuwaja. Mwache aje."

Alhamisi alikuja. Alivuka mapema kabla ya wingi wa watu. Tulitembea naye kutoka kwa mama mpaka kwa fundi, yeye mbele, majirani nyuma, mwanangu mwisho amevaa lile shati alilolitoa chini ya sanduku. Mwenzangu sikumchukua, naye alielewa.

Mimi ni mtu wa kutazama mikono ya watu, ndiyo riziki yangu. Kwa hiyo niliiona kazi aliyoifanya mjomba, na sidhani kama mwingine aliiona. Barua ya posa aliiweka kwenye sinia na kulifunika kwa kitambaa tangu nyumbani, akamkabidhi jirani alibebe, ili yeye asiishike. Miguuni alivaa makubadhi yasiyohitaji mkono kuyavua. Alipokaa, alikunja kanzu chini yake na mikono ikaingia humo. Alikuwa ameupanga mchezo mzima usiwe na mkono. Mimi nimefanya kazi na waelekezi wa kila namna na sijaona aliyepanga hivyo.

Kisha akasema, na mtu huyu anajua kusema. Hakupandisha sauti. Alianza na kuwashukuru wenye nyumba kwa kuwafungulia mlango watu waliokwisha kuwakosea. Alisema, "Tulikuja mara ya kwanza tukawavunjia heshima. Leo nimekuja mimi kuomba vitu viwili, radhi na binti, na nikipata kimoja nitashukuru." Alimsifu mwanangu kwa maneno machache ambayo mimi babake sikuwahi kumwambia. Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Hata hivyo vijana walikuwa wakimtazama kwa hamu, nikawaona macho yao yanashuka kwenye kanzu yake, yanatafuta mkono. Walikuwa wanajua ni nani. Walikuwa wameahidiana.

Fundi akainuka na kikombe.

Alikuja nacho taratibu, amekishika kwa chini, akasimama mbele ya mjomba. "Karibu, bwana mkubwa. Neno lako tumelisikia."

Mjomba hakutoa mkono. Nilimwona anakitazama kile kikombe. Bibi alikuwa ameinua pazia kidogo. Kijana mmoja tayari alikuwa ameuma midomo. Mwanangu, karibu na viatu, alikuwa ameinua uso safari hii, na alikuwa ananitazama mimi, si mjomba.

Sikupanga nilichofanya. Niliinuka. Nilipita katikati ya mkeka, nikasimama baina ya mjomba na watu wote, nikawapa mgongo. Nilikuwa nimevaa kanzu pana na mimi si mwembamba. Nikachukua kikombe mikononi mwa fundi, nikamwambia, "Niwie radhi, bwana, mjomba wangu mwache nimhudumie mimi mwenyewe," naye, kwa adabu yake, akarudi nyuma yangu. Nikapiga magoti, nikakishika kikombe mbele ya mjomba, nikayainamisha macho yangu mpaka chini kwenye mkeka.

Nilisikia kanzu inasogea. Mkono ulitoka. Nilikusudia nisitazame, lakini sikuweza, mazoea ni mazoea. Aliutikisa ule mkono mara mbili. Ulikuwa umezeeka, kucha zimekatwa vizuri. Akavitazama vidole, akavipuliza. Na haikuwa kama ninavyofanya mimi. Mimi hutunisha mashavu, nikavuta muda mpaka watu waanze. Yeye pumzi yake haikusikika. Alikuwa kama mtu anayepuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga. Miaka yote ile nilikuwa nimeifanya vibaya.

Akachukua kikombe, akanywa, akakirudisha mkononi mwangu kitupu.

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, na mkono ukarudi ndani ya kanzu. Nyuma yangu fundi akaitikia. Bibi naye akaitikia, na fimbo yake ikagonga sakafu mara moja. Hakuna aliyecheka. Nilipogeuka, nilimwona mwanangu amefunika uso kwa viganja viwili.

Posa ilijibiwa wiki ile ile.

Jioni ya Alhamisi ile mimi ndiye niliyemsindikiza mjomba kurudi Feri. Njiani nilimwambia kwamba vile vidole sitavifanya tena, jukwaani wala kwenye runinga. Nilikuwa nimeshamwambia na mwenzangu, naye aliniuliza watu watatazama nini sasa, nikamwambia watamtazama yeye. Nilimwambia mjomba anisamehe. Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga, lakini yalitoka hayo tu.

"N'shakusamehe zamani," akasema. "Nilikuwa nikikungoja uje."

Tukafika penye teremko. Muuza maji mmoja alituona, akatufurahia sote wawili kwa pamoja, akaweka ndoo yake chini, akautikisa mkono mara mbili. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Hawakuwa na ubaya wowote. Niliwapungia waache, nao wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi. Mjomba mkono wake wa kulia aliuingiza ndani ya mfuko wa kanzu, taratibu, bila kubadilisha mwendo, jinsi alivyozoea.

Nikahama kutoka kushoto kwake. Nikaenda upande wa kulia, uliokuwa na watu, nikatembea naye hivyo mpaka kwenye mlango wa feri.